Cheti cha Kenge Kisilowe

Tangu mto ukiwa kijito, Kenge alifundisha watoto wa wanyama kuogelea bila cheti chochote. Siku moja Mama Ngedere akamuuliza, "Mwalimu, cheti kiko wapi?" Kenge akaona haya, akaenda kufanya mtihani kwa Kasuku, ambaye hajawahi kulowa hata ukucha. Akarudi na karatasi yenye mhuri, na wanafunzi wakamiminika.

Asubuhi ya somo la kwanza mtoto wa Ngedere akateleza, akatumbukia mtoni.

"Mwalimu, jitose!" mama akapiga yowe.

"Nitajitosaje, mama?" Kenge akalia, cheti kakiinua juu. "Kitalowa!"

Bata, aliyefeli mtihani wa Kasuku, ndiye aliyemvuta mtoto hadi ukingoni.

Mama Ngedere akamkausha mwanawe. "Ahsante, Bata," akasema. "Ila siku nyingine usimguse mwanangu kabla hujapata cheti."