Amri ya Kuegesha

Maji mekundu ya kuku wa barafu yalichuruzika mlangoni mwa trela, yakalowesha viatu vya Jeancy.

"Umezima friji, mjinga weye," msimamizi wa yadi alimfokea dereva. "Kesho usije."

"Bosi, mimi sikugusa kitu. Niliegesha tu."

Jeancy ndiye aliyeandika programu inayotuma amri kwenye mitambo ya magari. Asubuhi, bila kuisimamisha, aliunganisha klasi zake mbili, yaani mafungu ya amri, ya lori na ya friji. Kila moja ilikuwa na amri ya kuegesha, inayojiendesha gari likiegeshwa: ya friji huacha baridi iendelee, ya lori hukata umeme wote. Alitanguliza ya lori, na inayotangulia ndiyo hutawala.

Getini likaingia lori la pili la friji, likitafuta nafasi.

"Unaangalia nini, Mkongo?" msimamizi akamuuliza.

Jeancy akalikimbilia, mikono juu. "Usiegeshe."