Ukingo wa Ubao

Ubao wa sataranji wa Mashavu, aliyezaliwa kipofu, ulikuwa kamba ya shanga sitini na nne, moja kwa kila mraba. Penye kete alifunga uzi. Farasi wake aliruka shanga kumi na saba mbele: safu mbili za nane, na moja zaidi.

Siku ya kujaribiwa klabuni, mwamuzi Kombo akashtuka.

“Dada, farasi wako ametoka nje upande wa kulia akaingia upande wa kushoto! Ukirudia, umetolewa.”

“Kwani ubao una mwisho, kaka?”

Kombo akamshika mkono, akampapasisha ukingo wa ubao wa klabu.

Mashavu akaiviringisha kamba mkononi mwake, shanga nane kila mzunguko. Kidole kikapanda mizunguko miwili, kikasogea shanga moja, wala hakikukuta ukingo.

“Hebu gusa hapa,” akamwambia.