Nyumba ya Asilimia Mia

Kila mtoto aliyekuwa akijifunza Kiingereza wilayani alivaa beji iliyohesabu maneno yaliyosemwa nyumbani kwao, ikatoa asilimia ya yale ya Kiingereza. Rukaya ndiye aliyekuwa mkaguzi wa beji hizo. Alizipigia hodi nyumba zilizoshuka chini ya asilimia tisini, na hakuna mzazi aliyemkaribisha kwa moyo mkunjufu.

Nyumbani kwake mwenyewe ilikuwa mia kwa mia, tangu mama yake, Bi Mashavu, alipoombwa anyamaze mbele ya mjukuu.

Jioni moja, wote watatu wakimenya mbaazi jikoni, bibi wa watu akajisahau. Alimtazama Salha, mjukuu wake, uso ukamchangamka.

“Paukwa!”

Salha aliifunika beji kwa kiganja, akamgeukia mama yake. Rukaya alilijua jibu tangu utotoni. Badala ya kulitamka, aliziinamia mbaazi zake.

Bi Mashavu alingoja, mbaazi mkononi. Hatimaye akajiitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo: “Pakawa.”

Beji ikalia: tisini na tisa.

“Mama,” Salha aliuliza kwa Kiingereza, “bibi ataondoka lini?”

Bi Mashavu, asiyejua neno la Kiingereza, alitabasamu. Alidhani mjukuu wake amemwitikia kwa lugha hiyo.