Hereni ya Darasani

Mwanafunzi wa Profesa Mbaruku alivishwa hereni mlangoni, akaamini kila alichofundishwa mpaka kipindi kiishe. Akitoka aliivua, akili zake zikamrudia. Ndiyo sheria ya chuo: huwezi kulipinga jambo ambalo hujawahi kuliamini.

Salha hakulipenda hata kidogo somo lile, la kwamba wazee wahamishwe wakaishi mbali na wajukuu. Yeye mwenyewe kalelewa na bibi. Lakini hereni ilimfaa: alisikiliza bila kisirani, akaivua, akaenda zake nyumbani roho kwatu.

Leo alimkuta bibi yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi huku anaimba vibaya kama kawaida yake.

"Haya, mke mwenzangu, leo huyo Profesa wenu kasemaje?"

"Yale yale, bibi. Eti utastarehe zaidi huko, kwa wazee wenzio. Kuna bustani, kuna daktari."

"Nawe ukamjibuje?"

Salha akacheka, akamtengeneza bibi ushungi wake vizuri. "Kwani kasema uongo, bibi?"

Bibi aliacha kukuna. Akanyoosha mkono, akampapasa mjukuu wake sikio la kulia, kisha la kushoto.

Yote mawili yalikuwa matupu.