Nyuma ya Dar es Salaam

Mabula aliposikia sauti ya baba yake, alikuwa amesimama nyuma ya Dar es Salaam, brashi mkononi, rangi ya samawati ikimdondokea vidoleni.

Dar es Salaam yenyewe ilikuwa kitambaa cha marekani kilichoning'inizwa ndani ya studio ya picha ya Januarius, mjini Bariadi. Mabula ndiye aliyeichora: bahari, meli, maghorofa na barabara yenye taa. Aliinakili kutoka kwenye kalenda ya duka la sabuni, maana mwenyewe hajawahi kufika huko. Minazi ilimshinda, ikatoka kama mkonge uliorefuka kupita kiasi. Wateja hawakulalamika. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kwa mara ya kwanza, mitumba imejaa mnadani, na kila aliyeuza pamba yake alitaka picha ya rangi inayomwonyesha mjini.

Mteja wa kwanza alikuwa Mabula mwenyewe. Alisimama mbele ya maghorofa yale akiwa na koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, amepakata gitaa lililofungwa nyuzi za kuvulia samaki kutoka Kalemela, kule ziwani. Nyuma ya picha akaandika kwamba amepata bendi, anapiga solo, na mji umempokea vizuri. Dereva wa lori la pamba akaifikisha nyumbani Nkololo, akiwa ameombwa aseme kwamba ameitoa Dar.

Ukweli ni kwamba baba yake, mzee Mboje, aliuza fahali ili kijana aende kutafuta muziki, na kijana akaishia Bariadi. Nauli aliila mbio mbio: koti, redio kaseti, na marafiki waliomsifu jinsi alivyopendeza. Redio ikaibwa, marafiki wakapotea. Kurudi nyumbani mikono mitupu aliona haya, na kadiri alivyokawia ndivyo haya ilivyozidi, mpaka ikawa rahisi kuchora mji kuliko kusema neno moja la kweli.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mzee Mboje hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma, mtu ambaye akivaa njuga zake uwanja unamfuata. Mabula alijifunza kupenda muziki akiwa amebebwa mabegani mwake. Sasa dereva wa lori alimletea habari kwamba mzee haendi popote bila ile picha. Kila penye watu huitoa akasema mtoto huyu karithi sauti yake, ila yeye kaipeleka mbali zaidi. Siku ukweli utakapojulikana, atakayechekwa si Mabula. Ni baba yake.

Na siku hiyo haikuwa mbali. Mwezi uliopita Kwandu, mama wa kaya ya jirani kule kijijini, alikuja studio kupiga picha. Mabula alijibanza nyuma ya kitambaa, lakini tangu hapo hakulala vizuri, hajui kama alionwa au la.

Leo baba mwenyewe alikuwa upande wa pili. Alimwamkia Januarius kwa Kisukuma, mwangaluka, akaulizwa habari za mifugo na mvua, akajibu kwa kirefu kama kawaida yake.

Mabula akasogeza jicho kwenye tundu dogo lililotoboka ubavuni mwa meli. Alimwona baba yake amevaa shati lililopigwa pasi, katambuga za matairi miguuni. Mzee alitoa picha mfukoni, akaifungua kutoka kwenye nailoni, akaitazama. Akakitazama kitambaa. Akaitazama tena picha.

Mabula alitamani ardhi ipasuke immeze.

Januarius, ambaye alijua mambo yote, alijitahidi kuokoa jahazi. Alisema kitambaa hicho kimechakaa, kipo kingine chenye maua na ndege, ndicho kinachomfaa mtu mzima. Akaongeza kwamba wachoraji wote huiga kalenda zilezile, kwa hiyo miji yao hufanana. Mzee alimwacha amalize.

"Hii ni Dar es Salaam?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi nataka hiihii."

Akaomba koti na tai. Januarius akamvisha. Koti lilimpwaya mabegani, na tai ilimsumbua, vidole vyake vigumu vya jembe vikiivuta huku na huku. Nyuma ya bahari, Mabula alipumua. Hajagundua, alijiambia. Macho ya mzee yamechoka, picha yenyewe imefifia, na bila shaka anataka kumtumia mwanawe picha huko mjini. Moyo ukamtulia. Kisha akajishtukia kwamba anafurahi baba yake kudanganyika, akaona haya ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alifuta machozi kwa mkono wenye rangi.

Januarius akaenda nyuma ya kamera yake, akamwambia mzee anyooke, atazame mbele, atabasamu kidogo. Mzee Mboje akanyooka. Halafu akageuka, akakitazama kitambaa toka juu mpaka chini, macho yakatua sakafuni, kwenye upenyo chini ya upindo wa kitambaa, na kubaki hapo. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza," alisema taratibu. "Mwambie huyo mwenye miguu ya mama yake atoke huko nyuma, asimame hapa na mimi. Nimeaga kijiji kizima kwamba nakwenda Dar es Salaam kumwona mwanangu. Nitarudije na picha ya peke yangu?"