Herufi K Kwenye Kofia

Nyamekye aliifuta herufi K kwa kidole na mate, rangi ikiwa bado mbichi.

"Wee!" Mjomba Kwabena akaruka na brashi yake. "Ya pili hiyo! Rangi ya kwenda Mwezini unaifuta kama kamasi?"

"Usiandike Kofi, mjomba. Nilikwambia."

"Na mimi nilikwambia nini? Bibi yako akikubali naandika hata Malaika. Asipokubali, naandika kilichomo kwenye karatasi. Mimi bado nayapenda meno yangu."

Mjomba Kwabena alikuwa mtu wa Jumanne, kama jina lake linavyosema, maana kwao mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa, na mvivu wa siku zote saba. Lakini kwa mkono wa kuandika hakuwa na mpinzani Ejisu nzima. Zamani aliandika misemo nyuma ya magari. Siku hizi aliandika majina kwenye kofia za anga, za watoto waliokwenda kusoma Mwezini. Nyamekye alikuwa anaondoka leo saa kumi. Sasa ilikuwa saa saba, na rangi ilitaka saa mbili kukauka.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Ukitoka nje kule Mwezini hakuna anayeuona uso wako. Kioo cha kofia ni cheusi kama sufuria ya kuni. Watu husoma jina, wakaliita redioni, basi ndiyo wewe. Na masomo ni miaka saba. Fomu ilimwandika Nyamekye kwa jina lake la siku, Kofi. Kofi ni jina la mvulana, na Nyamekye hakuwa mvulana, ingawa kila mtu alimhesabu hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye alilijua hilo tangu ana miaka mitano, kama mtu anavyoujua mkono wake anaolia chakula. Jina lile kila lilipoitwa lilimpata shavuni, kofi kweli.

Mama yake, aliyekuwa ametangulia Mwezini kikazi, alimsikiliza kwa redio mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini aliyeweka kidole kwenye fomu ni bibi yako. Kamwambie mwenyewe."

Kumwambia bibi, Nana Yaa! Afadhali kupanda roketi isiyo na mlango.

Jina jipya alikwisha kulichagua: Ama. Fupi, tamu, linasikika hata redio ikikwaruza.

Nana Yaa alikuwa uani akitwanga muhogo wa fufu, mchi wake ukisikika mpaka barabara ya pili. Ni yeye aliyemsuka Nyamekye jana, kama kila mwezi, akimvuta nywele utadhani anafunga mzigo wa kuni. Nyamekye akasimama mbele ya kinu, kofia kwapani.

"Nana."

"Sema, muhogo unapoa."

"Sitaki kuandikwa Kofi. Si jina langu. Halijawahi kuwa langu."

Mchi ukaendelea. Du. Du. "Mh. Halafu?"

"Nataka kuitwa Ama."

Mchi ukasimama hewani. Kuku wakatawanyika bila kufukuzwa.

"Unataka kuitwa nani?"

"Ama."

"Rudia. Labda ni masikio yangu."

"Ama, Nana."

Nana Yaa akauweka mchi chini polepole, na polepole ya Nana Yaa ilikuwa mbaya kuliko haraka yake. "Kwabena! Njoo usikie! Mtoto anataka kuniua kabla sijala!"

Kwabena akaja na brashi yake, akasimama mbali kwa kadiri ya urefu wa mchi. "Mama, dunia imebadilika. Watoto wa siku hizi..."

"Imebadilika nini? Mimi sikuwepo? Nilimpokea kwa mikono hii miwili, mkunga amekwama kwenye matope huko! Leo aje anibishie mimi?"

"Hakuna anayekubishia, mama."

"Aende Mwezini, aende kwenye jua lenyewe, alivyozaliwa ndivyo alivyozaliwa! Hilo halibadilishwi na fomu. Ni Mungu aliyepanga. Na sokoni nitawaambia nini? Kina Maame Serwaa walikuwepo mlangoni, wote mashahidi!"

"Lakini mama, mtoto mwenyewe akiona..."

"Aone nini? Aliona nini yeye siku ile, macho yamefumba, analia kama mbuzi?"

Nyamekye akaitoa kwapani ile kofia iliyochafuka rangi, akaiweka chini, miguuni pa bibi yake.

"Basi siendi," akasema. "Kofi hawezi kwenda, kwa sababu hayupo. Na mimi siendi kwa jina lake."

Mjomba Kwabena akaitazama brashi yake kana kwamba imeandikwa kitu. Nana Yaa alimtazama mjukuu wake kuanzia misuko mpaka vidole vya miguu, kisha akakaa kigodani kwa kishindo.

"Nani amezungumza habari za Kofi?" akauliza. "Kofi mwache aende zake. Kwani mimi kipofu? Mwaka mzima nakusuka, unadhani nilifikiri nasuka mvulana?" Akanyoosha kidole kilichonata fufu. "Lakini Ama ni mtoto wa Jumamosi, na wewe umezaliwa Ijumaa, jogoo wa kwanza, mimi nikiwepo! Msichana wa Ijumaa ni Afua. Andika, Kwabena, kabla rangi haijakukaukia kwenye brashi."