Namba Sifuri

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla wakubwa hawajafika kazini, mtu fulani mdogo alikuwa anageuka mkubwa ndani ya kompyuta ya ofisi ya mitihani, Kisangani.

Citoyen Kasongo, yaani Raia Kasongo, mkuu wa mashine, aligundua hilo mwaka wa 1988, mwaka wake wa tatu kazini. Alichelewa, ndiyo, lakini mtu mwenye cheo hakimbilii mambo.

Wiki tatu alisoma kurasa za kiini, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoamua nani aguse nini. Humo kila mtumiaji ni namba, na mkubwa wa wote, anayeruhusiwa kila kitu, ni namba sifuri. Kasongo hakuona utani wowote hapo. Mwishowe akakuta tundu: ukiagiza karatasi ichapwe na kuipa jina refu kupita kiasi, kiini hakipimi urefu; herufi za ziada zinamwagikia pale namba za watu zinapoandikwa. Sifuri ikiangukia penye jina lako, umepanda cheo bila barua ya waziri, mpaka mashine itakapozimwa.

Akajipongeza kwa sauti. Kisha akafungua daftari la mashine, ambamo kila agizo huandikwa mstari mmoja: agizo hilo lilitoka kila siku kwenye meza ya Fatouma, mpiga chapa, aliyekuwa akiwahi kufika ili awashe mitambo na kumfungulia Kasongo, chef wake, skrini. Mstari uliendelea, lakini Kasongo aliishia hapo. Mwizi akishapatikana unasoma nini tena?

Alama za wanafunzi wa mkoa mzima zilikuwa humo. Zikiguswa, yeye ndiye angepelekwa uwanja wa ndege wa Bangboka kupima masanduku ya abiria.

Jumamosi akaziba tundu. Fatouma alikuwa amesimama nyuma yake.

"Chef, ile kitundu unafunga kabisa?"

"Kabisa."

"Na kazi ya lundi, ile ya Jumatatu, itaenda?"

"Mama Fatouma, hii iko mambo ya wakubwa," alimjibu kwa upole, kama daktari.

"Bon," alisema Fatouma.

Kasongo akazima mashine, akaenda nyumbani akiimba.

Jumatatu mkaguzi alifika kutoka Kinshasa, nenosiri la mkubwa wa wote likiwa mkobani mwake. Kasongo, suti yake ya abacost imenyooka kwa pasi, hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Citoyen inspecteur, mwizi iko huyu!" Akamnyooshea Fatouma kidole. "Nitakuonyesha preuve, ushahidi kamili."

Akaagiza daftari la mashine. Skrini ikajibu: huna ruhusa. Akaagiza tena, akibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi. Huna ruhusa.

Mkaguzi akamsogeza kando, akaandika nenosiri alilokuja nalo, akausoma ule mstari mpaka mwisho.

"Mutu mwenye kupandishwa kila asubui haiko huyu mama," akasema. "Iko wewe."

Fatouma alitazama chini.

"Chef, barua ya cheo yako ilifika, lakini kule Kinshasa balisahau kukuandika ndani ya machine. Na siku ya kwanza ulikuya na mama yako, akuone vile unakamata kazi. Alors, mimi ningefanya nini, niache machine ikukatae mbele yake?"